NYUMBA YA MTU MWENYE PATO DOGO

Wanachama wenzetu, katika toleo hili twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alijua, wala hatukumbuki mkutano hata mmoja uliopita bila kulitaja, nalo ni jambo la nyumba. Hatusemi juu ya nyumba za wakubwa wala majumba ya ghorofa. Twasema juu ya nyumba ya mtu ambaye pato lake ni dogo: tarishi, mfagizi, mlinzi wa usiku, mama auzaye samaki hapa Chuno, mvuvi, na mkulima wa korosho ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka. Twauliza: mtu huyu akitaka pahali pake pa kulala na watoto wake, asipofukuzwa na mtu, aende wapi? Ni misaada gani iliyopo nchini, na ipi inayomfikia, na ipi impitayo mbali kama mvua inyeshayo shamba la jirani?

Twaanza na kisa cha mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya watu wake. Alikuwa tarishi kwa miaka 26, naye alipanga vyumba viwili Chuno kwa muda wote huo. Kila mwaka, fedha za korosho za shamba lao zilipofika, alinunua mifuko michache ya saruji akafyatua matofali. Kwa miaka saba alisimamisha ukuta wa nyumba ya vyumba vinne, hata ukafika kwenye linta. Hapo mauti yakamkuta. Arobaini haijatimia, mwenye nyumba akapiga hodi akamwambia mjane ya kuwa muda wa pango umekwisha, na kama ataka kuendelea kukaa, alete kodi ya miezi sita kwa mara moja. Mjane hakuwa nayo. Haki za marehemu zilikuwa zingali njiani, kwani zilingoja msimamizi wa mirathi athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, na ukoo ulikuwa bado haujaafikiana. Akaenda kuomba mkopo, akaulizwa hati ya kiwanja. Hati hapana, iliyokuwapo ni karatasi ya mauziano yenye jina la baba mkwe wake, naye amekwisha kufa. Akaulizwa karatasi ya mshahara. Mshahara ulikuwa wa mumewe. Basi akarudi mikono mitupu.

Litazameni jambo hili vizuri, ndugu zetu. Mama yule hakuhitaji kupewa nyumba. Nyumba ilikuwapo, ukuta umesimama, unaloa masika baada ya masika. Alihitaji mabati, mbao za kenchi, misumari, na fundi wa siku chache. Walikuwapo ambao kazi yao ni kuuza nyumba nzima kwa malipo ya miaka mingi. Hakuwapo hata mmoja wa kumkopesha bati arobaini. Na hili ndilo neno letu la leo: msaada wa nyumba katika nchi yetu, kwa muda mrefu, umekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye mshahara wa kila mwezi na nyumba iliyokwisha, hali watu wengi wenye pato dogo hujenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Kipimo hicho hakiwaenei. Yafaa kishonwe upya, na sisi watumishi tuna sehemu yetu katika ushonaji huo.

Tutazame nyuma kidogo tupate kuelewa kipimo hiki kilitoka wapi. Watumishi Waafrika walipoanzisha chama chao cha kwanza huko Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, nyumba ya Serikali ilifuata cheo na rangi ya mtu. Mwenye cheo kikubwa alipewa nyumba kubwa, mdogo akapewa chumba, na asiye mtumishi hakupewa kitu, bali alijijengea kwa fito na udongo pembezoni mwa mji. Mtwara yetu nayo ilizaliwa katika mawazo hayohayo. Ulipokuja mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, bandari ilianza kujengwa na mji ukapimwa kwa ajili ya watu wengi mno kuliko waliokuja. Mpango wenyewe ulianguka mwaka 1951. Gati likamalizika mwaka 1954. Reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960. Waliobaki ni watu: vibarua na wake zao, waliokwisha kupanda minazi na kuzika wazee wao hapa. Hao hawakuwa na nyumba ya cheo, wakajenga walivyoweza.

Uhuru ulipopatikana, Serikali yetu haikukaa kimya. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likapewa kazi ya kuondoa vibanda vibovu mijini na kujenga nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yalitwaliwa na taifa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi yake iliunganishwa na ya Shirika mwaka 1990. Ikaja Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973 kwa nia ya kuwakopesha wananchi wajenge. Lakini mikopo mingi haikurudi, na benki hiyo ikafungwa mwaka 1995. Tangu hapo mtu mwenye pato dogo hakuwa na mlango wa kubisha. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa mabenki, lakini kizingiti chake ni kirefu: pawepo hati, pawepo mshahara, pawepo na fedha ya kutanguliza. Ndiyo maana katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, wenye mikopo ya namna hiyo wamekuwa elfu chache tu.

Na sisi watumishi je? Tuseme kweli, hata ikiwa chungu. Sisi tumekumbukwa. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Waliobahatika wakazipata, na waliokuja nyuma yao wakakuta kota zimekwisha. Mwaka 2013 ikaundwa kampuni ya kuwajengea watumishi nyumba, kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Mabenki nayo hutukopesha kwa kuutazama mshahara wetu tu. Hatusemi ya kuwa mtumishi wa chini anaishi raha; tarishi wetu wa Chuno alikuwa mtumishi, na mwisho wake mmeusoma. Twasema ya kuwa hata ikiwa sahani yetu haikujaa, tulikaa mezani. Jirani yetu mvuvi hakuitwa.

Kuna mfano mmoja mzuri ambao haifai kuupita. Wapangaji wa kota kongwe za Magomeni, Dar es Salaam, familia 644, walihamishwa karibu miaka kumi kabla ya kupata tena makao. Baada ya kungoja sana, majengo mapya ya ghorofa yalijengwa pahali pale pale, nyumba 656, yakafunguliwa mwezi Machi mwaka 2022. Hili ni jambo la kushukuriwa, nalo laonyesha ya kuwa Serikali ikiazimia inaweza kuwarudishia watu wa hali ya chini pahali pao, katikati ya mji, isiwatupe porini. Lakini pia laonyesha ya kuwa nyumba za kujengewa ni kazi ya fedha nyingi na miaka mingi, na familia 644 katika mji wa mamilioni ni tone. Sisi wa Mtwara tukiketi barazani tukingoja ghorofa zetu, watoto watazeeka kabla hazijafika.

Basi ziko njia gani zilizo karibu na mkono? Tumejaribu kuzikusanya hapa, ili kila mwanachama apate kumweleza jirani yake. Twazitaja kwa utaratibu mtu ajengavyo, kuanzia ardhi hata paa.

Ya kwanza ni ardhi. Nyumba isiyo na karatasi ni mzigo juu ya kichwa cha mtoto: mwenyewe akifa, ugomvi huanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yampa mtu wa mjini hatimiliki ya muda mrefu katika eneo lililopimwa, nayo yatambua leseni ya makazi kwa aliyejenga pasipopimwa. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga shilingi bilioni 50 za kuzikopesha halmashauri bila riba, ili zipange, zipime na kumilikisha ardhi. Kazi ya namna hii ifikapo mtaani, watu wengi huikimbia, wakidhani ni hila ya kuwanyang'anya au kuwatoza kodi. Hapa ndipo penye haja ya mtumishi ajuaye kusoma tangazo na kulifasiri kwa maneno ya kawaida. Mwambieni jirani: aitunze karatasi ya mauziano, ishuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa, jina lililoandikwa lifanane na la kitambulisho chake, na jina la mke lisisahauliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe, lakini haki isiyoandikwa popote huwa ngumu kuidai mbele ya ndugu wa marehemu. Lau karatasi ya tarishi wetu ingalibadilishwa jina mapema, mjane wake asingalizungushwa kama alivyozungushwa.

Ya pili ni fedha za halmashauri. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri yapaswa kutenga sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji wake, ikaanza tena mwaka 2024. Tuseme wazi ya kuwa fedha hizi ni za shughuli za kuzalisha, si za kujengea nyumba ya mtu. Lakini nani aliyekataza kundi la akina mama kukopa mashine ya kufyatulia matofali, au kundi la vijana kukopa vyombo vya useremala wakatengeneza kenchi, milango na madirisha? Tofali likifyatuliwa hapa hapa mtaani na watu wa mtaa, bei yake hupungua na faida yake hubaki. Mkoa wetu hauna uhaba wa saruji tena, kwani kiwanda kikubwa cha Dangote kilifunguliwa hapa Mtwara mwaka 2015. Kilichopungua si saruji bali ni mkono wa kuipata mifuko miwili mitatu kwa wakati wake.

Ya tatu ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, na ambao baadaye ulianza kuzipa ruzuku kaya zilizo maskini kabisa na kuzipatia kazi za muda. Ruzuku hiyo haikuwekwa kwa ajili ya nyumba, na kiasi chake si kikubwa. Hata hivyo, pahali pengi imesikika ya kuwa mama aliyepata ruzuku, akishanunua chakula na daftari za watoto, hununua bati moja. Mwezi mwingine bati jingine. Wenye kudharau husema, bati moja ni kitu gani? Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mama huyo atufundisha namna maskini wanavyojenga, nasi tungemsikiliza zaidi kuliko tunavyosikiliza hesabu za nyumba za mamilioni.

Ya nne, nayo kwetu ndiyo iliyo bora, ni ushirika. Jambo hili si geni nchini. Watu wa Mwenge huko Dar es Salaam walijenga kwa ushirika tangu miaka ya 1970. Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa Chamazi. Watu waliokuwa wakikaa Kurasini walitakiwa kuhama ili bandari ipanuliwe. Wengi walikuwa wapangaji, na mpangaji halipwi fidia ya nyumba isiyo yake. Baadhi yao, waliokuwa katika vikundi vya akiba vya watu maskini wa mijini, waliunganisha akiba zao, wakanunua eka 30 Chamazi, wakaunda ushirika, wakajifunza kufyatua matofali yao wenyewe, wakajenga kwa mkopo wa masharti mepesi. Nyumba zao ziliwekwa kwa hatua: kwanza chumba na choo, kisha kingine, kwa kadiri mtu alivyojaliwa. Kazi haikuwa nyepesi. Pahali penyewe ni mbali na mji, na marejesho ya mkopo yaliwalemea baadhi yao. Lakini walifanya jambo ambalo benki haikuliweza, yaani kukubali ya kuwa chumba kimoja chenye paa ni mwanzo wa nyumba, wala si nyumba iliyoshindikana.

Na kabla hatujaacha habari ya paa, tutoe onyo. Mwezi Aprili mwaka 1952 tufani kubwa iliipiga pwani hii ya kusini. Mwezi Aprili mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilikuja karibu yetu hata watu wa Mtwara wakaambiwa wajihifadhi, kisha kikawaangukia jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, huko Cabo Delgado. Mwezi Mei mwaka 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Bati lililopigwa misumari michache juu ya mbao isiyofungwa barabara ukutani si paa. Ni panga linalongoja upepo. Basi msaada wo wote wa mabati uende pamoja na fundi ajuaye kufunga kenchi na ukuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa twafika pahali pagumu, nasi twaomba msomaji asiikunje karatasi hii. Njia zote tulizozitaja zamfaa mtu anayejenga. Lakini yuko asiyejenga bado, mpangaji, na wapangaji ndio wengi miongoni mwa vijana na wajane. Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Mashauri ya ardhi na nyumba yakabaki kwa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, lakini bei ya pango na muda wa kulipa vikaachiwa mapatano ya watu wawili, mmoja mwenye ufunguo, mwingine mwenye watoto na godoro. Ilipovuma habari ya gesi, hasa miaka ya 2012 na 2013, wageni wakaja Mtwara na pango likapanda. Wageni wengi wakaondoka, lakini bei iliyopanda ngazi haikupenda kushuka. Na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja ikaota mizizi. Mtu apataye fedha kwa siku au kwa juma atatoa wapi ya mwaka?

Twauliza tena: wenye nyumba hao ni akina nani? Tulipotembea Chuno kuandaa makala haya, mtaa kwa mtaa, tulijua jibu kabla ya kuuliza. Wengine ni wazee wa mji, na wajane ambao pango la chumba kimoja ndilo kila kitu chao; hao hatuwalaumu. Lakini wengi ni sisi. Ni mtumishi aliyekopa kwa mshahara wake akajenga nyumba ya vyumba sita, akakaa yeye katika vitatu na kupangisha vilivyobaki. Ni yule aliyenunua nyumba ya Serikali na sasa aipangisha. Katika mkutano husimama akalia juu ya dhiki ya mtumishi mdogo, jioni hurudi kwake akamwambia mfagizi wa ofisi yake mwenyewe, "Lete ya miezi sita, ama sivyo nampa mwingine." Tusimnyoshee Serikali kidole hali mkono wetu wa pili umefunga mlango. Na mwenye nyumba aliyempigia hodi mjane wa tarishi, tumesema hatutaji majina, nasi tutalishika neno letu; ila twasema tu ya kuwa hakuwa mgeni katika mikutano yetu.

Wako watakaojibu ya kuwa mwenye nyumba naye ana deni benki, na wapangaji wengine huhama usiku bila kulipa. Ni kweli, nasi hatuwataki wenye nyumba wawe sadaka. Lakini kodi ya mwezi kwa mwezi, yenye mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, na mdhamini ajulikanaye, humlinda mwenye nyumba kuliko fedha ya mwaka mzima iliyokwisha kuliwa siku ya tatu. Mwenye hasara ya chumba kitupu kwa miezi minne, akimngoja mwenye kodi ya mwaka, angeipata kodi ile ile kwa mpangaji wa mwezi.

Wengine watasema: Chama hiki ni cha watumishi, mvuvi na muuza samaki wana vyama vyao, kwa nini tujitwike mizigo ya watu? Twawajibu kwa maneno mawili. La kwanza, mtumishi akifa, familia yake haina tena mshahara. Siku hiyo hiyo mkewe huwa katika kundi la wale tunaowaita si wetu. Msaada uwekwao kwa ajili ya asiye na mshahara ndio bima ya watoto wetu wenyewe. La pili, ni nani aliyemsaidia mjane yule? Si benki, wala si ofisi. Wanachama walichanga, hilo ni kweli, na mchango ulinunua mabati ya vyumba viwili. Lakini mbao zilitolewa kwa mkopo na seremala wa Chuno asiye na karatasi ya mshahara. Vijana wa mtaa walichota maji na kuchanganya saruji bure. Mama wauza samaki wakapika. Leo mama yule analala katika nyumba yake. Vyumba viwili vingali havina paa, lakini hakuna wa kumpigia hodi usiku. Jirani hawakuuliza kama marehemu alikuwa wa chama chao.

Basi twashukuru, lakini hatupaswi kuridhika. Huruma ya msibani huwaka kama kuti kavu, ikazimika upesi. Mjane mwingine hatapata bahati ile, maana mwezi wa mchango ule watu walikuwa wametoka kupokea fedha za korosho. Jambo la bahati yatupasa tuligeuze liwe la utaratibu. Kwa hiyo, katika mkutano wetu ujao twaleta mashauri matatu, tukitaka kila mwanachama ayafikiri kabla ya kunyosha mkono.

Shauri la kwanza: utengwe katika fedha za Chama mfuko mdogo wa paa, wa kukopesha vifaa wala si fedha taslimu, kwa mtu ambaye ukuta wake umefika kwenye linta. Mkopo ulipwe kwa namna ya pato la mtu: mwenye mshahara kwa mwezi, mkulima kwa msimu wa korosho, mchuuzi kwa juma. Na mlango wa mfuko huu uwe wazi kwa jirani asiye mtumishi, akidhaminiwa na wanachama wawili wamjuao.

Shauri la pili: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wanachama wawili waketi barazani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wawasaidie watu kusoma na kujaza karatasi za ardhi, za mirathi na za mikopo ya vikundi. Kalamu hainunuliwi ghali, wala kazi hii haitaki bajeti. Sisi tumesomeshwa kwa kodi ya wavuvi na wakulima. Saa mbili kwa mwezi si malipo makubwa kwa deni hilo.

Shauri la tatu, ambalo twajua litatikisa viti: mwanachama mwenye nyumba ya kupangisha aahidi, kwa kutia sahihi katika daftari la Chama, ya kuwa hatadai kodi ya zaidi ya miezi miwili kwa mara moja kwa mtu mwenye pato dogo, na ya kuwa hatamtoa mjane wala yatima katika nyumba kabla mirathi ya marehemu haijasikilizwa. Daftari hilo liwekwe wazi, kila mtu alione. Hatuna askari wa kumlazimisha mtu. Tunayo haya, na mtu mwungwana haya yamtosha.

Serikali nayo hatuiachi. Tutaiandikia Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, kwa adabu na kwa hoja, kuomba viwanja vidogo vya bei nafuu vitengwe kwa ajili ya ushirika wa nyumba kila eneo jipya lipimwapo, na kwamba kibali cha kujenga kikubali nyumba ya kuanzia chumba kimoja, ikiwa ramani yake yaonyesha itakavyokua. Lakini barua yetu itakuwa na uzito gani ikiwa wenye kuiandika ndio wadai wa kodi ya mwaka? Tuanze sisi, ndipo tuseme.

Wenzetu wa mwaka 1922 walikuwa wachache, na mishahara yao ilikuwa haba kuliko yetu, nao walikutana ili mtumishi Mwafrika asiwe mtu wa kusukumwa. Sasa sisi ndio wenye funguo mikononi. Mtu hupimwa kwa jinsi azitumiavyo. Tutakapokutana, mwanachama atakayesimama kuyapinga mashauri haya atasikilizwa kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu; ila twamwomba, kabla ya kuja mkutanoni, apite kwanza Chuno, aitazame nyumba ile yenye paa upande mmoja.